Kiatu cha Baba Manka na Krismasi Isiyofika Marangu

Tangu turudi siwezi kusimama kwenye foleni ya sukari dakika mbili bila mtu kuniuliza, "Mama Manka, imekuwaje? Si mlikuwa mnaenda Moshi?" Naanza kusimulia, foleni inasogea, naishia Kibaha. Aliye nyuma yangu anasikia habari ya Kibaha tu, na kesho yake anawaambia watu kwamba tulikamatwa na mgambo. Sasa nimeamua kuandika yote, tangu tulipofunga mlango mpaka tulipoufungua tena, ninyi wenzangu wa kwaya msome na kupokezana. Tiketi tulizipataje, hilo naliacha. Kila mtu anajua tiketi za Desemba zinavyopatikana, na hasira nilizonazo zinanitosha.

Ila kuna jambo moja lazima nilitangulize. Mama mkwe wangu, bibi yake Manka, alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa wamisheni, na huko akajifunza desturi ambayo ameishika hadi leo. Jioni ya kuamkia Krismasi kila mtoto anaweka kiatu chake kimoja mlangoni. Asubuhi anakikuta kina karanga, ndizi mbivu, pengine na kipande cha sukari guru. Bibi anasema Mtoto Yesu amepita. Ukimuuliza anajuaje njia, anakwambia anafuata masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda kuzunguka kihamba, shamba la ukoo, na ambayo Mchaga akikukosea ndiyo anakuletea kuomba radhi. Palipo na sale, Mtoto Yesu anajua hapo pana watu wanaomngojea.

Manka ana miaka sita na analiamini jambo hilo kuliko anavyoamini kwamba mimi ni mama yake. Mimi nami, maana hata kwetu tuliweka viatu, nililiamini hadi nilipokuwa na miaka saba, mwaka aliofariki baba yangu. Najua imani ya namna hiyo ikishamtoka mtoto hairudi. Nilitaka aipate walau mwaka mmoja zaidi. Zawadi nilizombebea mama mkwe, kanga, nazi na chumvi, zote zingeweza kungoja hata Pasaka.

Kariakoo hadi Mnazi Mmoja

Tulitoka nyumbani asubuhi ya tarehe ishirini na tatu, mimi na Manka tu. Baba yake anafanya kazi bandarini. Meli ya mahindi ilikuwa imetia nanga na likizo zote zimefutwa. Alitusindikiza mpaka kwenye kona na mfuko wa nazi begani, akambusu mwanawe kwenye utosi, akaenda zamu.

Kutoka kwetu hadi Mnazi Mmoja ni mwendo wa kutembea, lakini kwa mizigo ile ni nusu ya safari. Manka alikataa kabisa nimshikie kikapu chake. Nikadhani amekuwa mkubwa, nikafurahi. Basi tulilikuta limejaa watu, mizigo na kuku, na halina dizeli.

"Inakuja," utingo alisema.

"Inakuja kutoka wapi?" aliuliza mzee mmoja wa Same aliyevaa kofia ya sufu katika joto la Desemba.

"Inakotoka, mzee wangu. Wewe kaa."

Tulikaa. Tulikula mayai yote niliyochemsha yawe chakula cha njiani, na bado tulikuwa tunaliona jengo lile lile. Ndani ya basi watu walikwishajuana majina, ukoo na maradhi. Dizeli ilifika saa tisa alasiri katika mapipa mawili juu ya mkokoteni, na abiria wakaupigia mkokoteni makofi. Manka aliuliza kama tutafika kabla ya kuweka viatu. Nikamwambia tutafika kesho mchana, tutapumzika, tutaoga, na kiatu kitawekwa. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na wakati ule nilikuwa na hakika kweli.

Mnazi Mmoja hadi Kibaha

Kabla ya kuingia Kibaha tulikuta kizuizi. Mgambo wawili, mmoja kijana na mmoja wa makamo, wakapanda kukagua mizigo, maana mnajua hali ilivyo na walanguzi walivyo. Kijana akafika kwetu.

"Ndugu mama, hiki kikapu cha nani?"

"Changu. Cha mtoto."

Akatoa gauni la Krismasi. Akatoa kiatu kidogo chekundu, na mwenzake. Kisha akatoa kiatu cha kiume cheusi, cha ngozi, kimepigwa rangi mpaka kinang'aa. Kimoja tu.

Nilikitambua pale pale. Mume wangu ana jozi moja ya viatu vya kanisani, alivyofungia ndoa.

"Cha kushoto kiko wapi?" mgambo akauliza.

"Sijui," nikasema.

Hilo lilikuwa jibu baya. Yule kijana akamgeukia mwenzake. "Umeona? Ndiyo ujanja wao mpya. Wanagawana. Huyu anabeba cha kulia, mwingine cha kushoto, wakifika mpakani wanavikutanisha."

Kumtendea haki, viatu vya ngozi ni adimu siku hizi, na mtu aliyekwisha kuona sukari ikisafirishwa ndani ya godoro ana haki ya kushuku. Tulishushwa sote. Kikaanza kutafutwa kiatu cha kushoto. Walifungua masanduku, wakapapasa magunia, wakamkuta mama mmoja ana kuku chini ya kanga ambaye hakumlipia nauli, lakini kiatu hakikuonekana. Ilipita saa nzima. Abiria wote walikuwa wananitazama. Mzee wa Same akanijia taratibu.

"Binti yangu, kama unacho kitoe tu. Sote tunaenda sikukuu."

Ndipo Manka aliponivuta kanga. "Mama, cha kushoto kipo nyumbani. Chini ya kitanda. Mimi nilichukua cha kulia."

Mgambo wa makamo alimsikia, akachuchumaa mbele yake. "Umechukua kiatu cha baba? Ukipeleke wapi?"

"Kwa bibi. Baba hatakuwepo, wamemnyima likizo. Kiatu chake kikiwa mlangoni kwa bibi, na yeye atapata."

Ikabidi amweleze na habari ya karanga, na masale, na nani hupita. Alieleza kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtu mzima jambo ambalo alipaswa kulijua siku nyingi. Mgambo alisikiliza mpaka mwisho. Akakichukua kile kiatu mkononi mwa mwenzake, akakigeuza, akatazama ndani.

"Hiki kitaingia karanga nyingi," alisema, akakirudisha kikapuni mwenyewe. "Haya, pandeni."

Garini nilimfinya Manka kidogo, kisha nikamkumbatia sana. Nilimwaza mume wangu siku ya Krismasi, suruali imenyooshwa, amesimama na kiatu kimoja, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha.

Kibaha hadi Chalinze

Tulifika karibu na Chalinze kumekwisha kuwa giza, basi likakohoa, likanyamaza. Tulilala humo humo vitini. Asubuhi dereva alikuwa chini ya gari, tunaiona miguu yake tu.

"Kimekatika nini?" tukamuuliza.

Akataja kifaa ambacho sikukielewa. Nilichoelewa ni kwamba Chalinze hakipo, na lazima mtu arudi Dar kukitafuta. Na Dar pia huenda hakipo.

Pembeni mwa barabara palikuwa na mama mmoja wa Kikwere akiuza mihogo mibichi. Aliutazama mfuko wangu, akasema, "Nazi unazo, mihogo ninayo, moto ninao. Tunakaaje na njaa?" Tukamenya, tukakuna, tukatia chumvi yangu ya kwenda Marangu. Walikula abiria wote, hata mama wa kuku, na mzee wa Same akavua ile kofia kwa mara ya kwanza ili ale vizuri. Nazi za mama mkwe zilikwisha pale, na sijawahi kula mihogo mitamu namna ile.

Manka alimuuliza yule mama kama yeye huweka kiatu. Mama akaangalia miguu yake mwenyewe, ina vumbi mpaka magotini.

"Mie sina viatu, mwanangu."

Manka naye akaitazama ile miguu. Niliona ni jambo ambalo bibi yake hakuwahi kumwambia. Mwishowe akasema, "Basi weka kikombe." Yule mama akaahidi ataweka.

Ilipofika saa saba mchana dereva alituambia ukweli: gari haliondoki leo. Kila lori lililokuwa likipita kwenda juu lilikuwa limejaa hadi kwenye kabini. Magari yenye nafasi yalikuwa yanarudi Dar. Nilimpeleka Manka pembeni, nikamwambia tunarudi nyumbani, na Mtoto Yesu atapita Kariakoo.

"Hawezi," alisema. Hakulia, na mimi ningefurahi kama angelia. "Kariakoo hakuna masale. Atajuaje mlango wetu?"

Nikamshika mkono, tukaenda barabarani kusimamisha gari.

Chalinze hadi Kariakoo, juu ya mkaa

Lori lililotuchukua lilikuwa la mkaa. Dereva, Mzee Abdala wa Mbwewe, alimweka mbele mama mmoja mjamzito, na sisi wengine tukapanda juu ya magunia. Kilometa mia na ushei, jua kichwani, vumbi la mkaa puani, na mara mbili tukashuka kwa ajili ya pancha. Pancha ya pili Mzee Abdala alituomba radhi mmoja mmoja, kama vile msumari ule alikuwa ameuweka yeye.

Manka alikaa amepakata kikapu. Nilimwimbia nyimbo za kwaya, akaniacha niimbe peke yangu. Kuna wakati mtu mzima anajiona hana thamani yoyote, na kwangu ulikuwa huo. Ningeweza kumnunulia pipi, ningeweza kumdanganya, lakini yote mawili yangekuwa sawa na kumwambia kwamba hamna kitu. Nililaumu dizeli, nikalaumu meli ya mahindi, nikailaumu na barabara. Nilipoyamaliza yote ya kulaumu, tulikuwa tunaingia Magomeni, naye amelala mapajani mwangu, mweusi tii kuanzia nywele hadi vidole.

Ukumbini kwa Bi Zuhura

Nyumba tunayopanga ni ya Bi Zuhura, mwenyeji wa hapa hapa mjini tangu mababu. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Tulipoingia jioni ile alikuwa ukumbini anachambua mchele. Alitutazama muda, hakututambua kwa ule mkaa.

"Shikamoo bibi," Manka akasema.

"Marahaba. Ah! Mama Manka? Mmetoka Moshi au mmetoka kuzimu?"

Mume wangu akatokea chumbani, kiatu cha kushoto mkononi. Hakuuliza kwa nini tumerudi. Alisema, "Mama Manka, nyumba hii ina mwizi. Kaiba kiatu kimoja. Nimeuliza mlango hadi mlango."

"Mie hata chini ya mbuzi ya kukunia nimetazama," Bi Zuhura akasema.

Niliona aibu, nikasimulia pale pale, bado nimebeba mizigo. Mume wangu alisikiliza, akakipokea kile cha kulia kutoka kwa mwanawe, akaingia chumbani, akaketi kitandani huku ameshika viatu vyote viwili. Baadaye alimrudishia kile cha kulia. "Basi nacho kiwekwe," akasema, akaenda zamu ya usiku na kandambili.

Bi Zuhura alimwogesha Manka uani na kumhoji huku anamsugua. Nilikuwa nawasikia.

"Nabii Isa namjua, mwanangu, na mama yake Bi Mariamu namjua. La kupita kwenye viatu ndilo sijalisikia. Sasa tatizo nini?"

"Hapa hakuna masale, bibi. Hatauona mlango wetu."

"Na akiona viatu?"

"Viwili tu hataviona. Nyumba ni kubwa."

Maji yakamwagika mara mbili tatu. Kisha Manka akasema, "Labda vikiwa vingi."

Hakungoja hata kukauka. Alizunguka milango yote na kanga yangu kiunoni. Fundi Saidi, anayeshona kwa cherehani barazani kwetu, alimuuliza kwa heshima zote kama inatakiwa kulia au kushoto. Kufika saa mbili kila mlango ulikuwa na kiatu: makubadhi, raba, katambuga ya tairi, na ndara ya Bi Zuhura mwenyewe. Wapangaji walicheka, lakini waliweka. Nilipanga kuamka alfajiri na mapema, kabla ya Manka, nitie karanga nilizokuwa nazo kwenye kopo katika kiatu chake na cha baba yake. Nikajinyoosha kidogo.

Kilichoniamsha ni adhana. Nilinyoosha mkono, kitandani hamna mtoto.

Wenzangu, nilijilaumu. Siku mbili za safari, halafu mimi mwenyewe ndiye ninayeharibu, kwa usingizi. Nikausukuma mlango taratibu. Mwanga ulikuwa umeanza kuingia kutoka uani. Manka alikuwa amechuchumaa ukumbini, na kiatu chake chekundu kilikuwa kimejaa. Cha baba yake pia. Karanga, kashata, na visheti vyenye iliki, na katika nyumba ile visheti hivyo anavipika mtu mmoja tu.

Nilielewa. Watu wa pwani chombo kikija kwao hakirudi kitupu. Bi Zuhura alikuwa ameona kiatu mlangoni akakichukua kama sahani. Na hapo nikakumbuka kwamba kila Idi, miaka yote saba, nimepokea sahani yake ya pilau. Kila Krismasi mimi nafunga mlango kwa kufuli na kwenda Marangu, na sijawahi kumwonjesha hata punje ya wali. Niliona haya hata mbele ya ile ndara yake.

"Manka," nikanong'ona. "Unafanya nini?"

Alikuwa anahesabu karanga kutoka katika kiatu chake na kuzitia katika katambuga ya Fundi Saidi. Viatu vingine vilikuwa vimekwisha kupata. Nne huku, nne kule, na kipande cha kisheti alichokikata kwa meno.

"Wao hawajapata, Mama."

"Labda hakuviona."

"Aliviona. Zilimwishia." Akasogea mlango mwingine. "Wasiamke wakute hamna kitu. Cha Baba usikiguse."

Nilitaka kumuuliza kama bado anaamini kwamba kuna anayepita. Sikuuliza, maana sikujua ni jibu gani ningependa kulisikia. Nikaleta kopo langu la karanga. Akaniangalia, akaona ni jambo la maana, akaniachia upande wa kushoto. Tulifanya kazi hiyo kwa magoti, nami nilikuwa nalia na sikujificha.

Bi Zuhura alitoka chumbani baada ya swala, bado amejitanda nguo yake nyeupe. Manka alikuwa amekwisha kuketi mlangoni kwetu, mikono mapajani, kiatu chekundu kitupu kando yake. Bibi aliinama kuvaa ndara, akakuta karanga nne na kipande cha kisheti. Alikigeuza kile kisheti kwenye mwanga. Kisheti chake mwenyewe hawezi kukosa kukijua. Akanitazama mimi. Akamtazama Manka, na makombo mdomoni mwake.

"Amepita?" aliuliza.

"Amepita, bibi."

"Na mie kanikumbuka?"

Manka akatikisa kichwa kukubali. Bi Zuhura alikaa kwenye mkeka, akala karanga zile moja moja, bila haraka, machozi yanamtiririka na anayaacha.

"Nimezaliwa nyumba hii," alisema. "Mwakani atapita tena?"

"Mkiweka viatu."

"Tutaweka," akasema Bi Zuhura, akainuka kwenda kumgongea Fundi Saidi, asije akavaa katambuga yake kabla hajatazama ndani.